Kifaa Kilichoitika Mno

Mkurugenzi Koev alitangaza sheria za shindano akiwa amesimama, kikombe cha kahawa mkononi, kama mtu anayetania. Vifaa viwili vya aina moja. Betri mbili mpya kutoka pakiti moja, kila moja bapa kama kifungo cha koti. Kifaa kimoja kitaendeshwa na mfumo wa programu wa bai Stoimen, kingine na mfumo alioupendekeza Zornitsa. Vitawekwa dirishani na hakuna atakayevigusa. Kitakachokata roho kwanza, mfumo wake unatupwa.

"Na mwenye mfumo?" Yavor, mmoja wa wahandisi vijana, aliuliza kutoka nyuma, huku akitafuna.

"Mwenye mfumo naye ataufuata," alisema Koev. "Siwezi kukaa na wahandisi wawili wa usingizi."

Watu walicheka. Bai Stoimen pia alicheka. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na katika ofisi ile iliyokuwa sehemu ya kiwanda cha zamani pembezoni mwa mji wa Plovdiv, yeye peke yake ndiye aliyeitwa "bai", jina la heshima ambalo vijana walilitamka kwa namna ambayo heshima yenyewe haikusikika.

Zornitsa hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na kipindi chake cha majaribio kilikuwa kinaisha mwezi wa sita. Alimtazama mzee akikata uzi mwekundu na mweupe wa kuukaribisha mwezi wa Machi na kukifunga kila kifaa uzi wake, kwa afya njema, kama watu wanavyofungana mikononi siku hiyo ya kwanza ya mwezi.

"Vyote viwili, bai Stoimen?" alimuuliza.

"Vyote, binti. Hata chako ni kiumbe."

Kampuni ilitengeneza vifaa vya kusomea mita za maji. Vilikaa kwenye mashimo chini ya vifuniko vya chuma, barabarani, gizani, wakati mwingine ndani ya maji, na vilitakiwa viishi miaka kumi kwa betri moja. Siri yote ya kazi ile ilikuwa usingizi. Kifaa kinalala, kinaamka kwa kufumba na kufumbua, kinatuma namba zake kwa redio, kinalala tena. Kwenye shindano vilipangiwa kuamka kila dakika badala ya mara mbili kwa siku, ili miaka ile kumi ibanwe ndani ya miezi mitatu. Kioo kikubwa ukutani kilionyesha mistari miwili, wa kijani kwa kifaa namba kumi na saba cha bai Stoimen, wa bluu kwa namba kumi na nane cha Zornitsa, na kila mstari ulishuka polepole kadiri betri yake ilivyokwisha.

Ndani ya wiki mbili ilikuwa wazi. Mstari wa bluu ulikuwa unashuka haraka zaidi.

Mfumo wa Zornitsa ulikuwa kazi ya mamia ya watu wa nchi nyingi, wanaouandika na kuugawa bure. Aliupenda tangu chuoni. Aliamini kwamba kitu kilichojengwa na wengi kwa moyo mmoja hakiwezi kushindwa na kitu cha mtu mmoja. Lakini ulikuwa mkubwa, na kila ulipolala ulikuwa kama nyumba yenye vyumba vingi: daima kuna taa moja imesahauliwa mahali. Alizima moja, akakuta nyingine. Wa bai Stoimen ulikuwa mdogo kiasi kwamba ungeweza kuuandika wote kwenye daftari la mwanafunzi. Aliuandika peke yake kwa miaka kumi na minne, na hapakuwa na mstari ambao hakuijua sababu yake.

Naye hakuficha kitu. Siku ya kwanza Zornitsa alipoajiriwa, mzee alimpa kipima umeme chake mwenyewe, kile chenye uwezo wa kuona umeme mdogo kuliko unaotumiwa na saa ya mkononi. Alimletea chupa ya lyutenitsa, mchuzi mzito wa pilipili nyekundu aliopika mwenyewe kijijini. Alimfundisha kushika waya bila kutetemeka. Ndiyo maana vijana wa ofisini walimwita Zornitsa "binti wa bai", na saa ya chakula walipojazana kwenye meza ndefu, kiti chake kilikuwa kando ya mzee, mbali na vicheko.

Mfumo wa bai Stoimen ulikuwa na jambo moja ambalo mwingine haukuwa nalo. Kila baada ya sekunde mbili kifaa chake kilifungua sikio kwa muda mfupi mno. Kikisikia namba yake inaitwa, kinaamka chote na kujibu: mimi ni kumi na saba, nipo.

"Ya nini hiyo?" Zornitsa alimuuliza siku za mwanzo. "Si inakula betri?"

"Inakula kidogo sana. Nani ataita? Mara moja kwa mwaka, pengine. Lakini siku fundi wa maji anapotafuta shimo chini ya theluji, anaita, kinaitika, anajua achimbe wapi. Kifaa kisichoitika kina tofauti gani na jiwe?"

Alikuwa na hakika kabisa. Hakuweka neno la siri wala kizuizi. Kwa akili yake, anayekuita ana haja nawe.

Zornitsa aligundua mchezo wa kukiita kwa bahati tu. Ijumaa moja alikuwa akijaribu redio ya bodi ya akiba, kibao cha saketi kama kile cha ndani ya vifaa, mezani kwake, akatuma namba ovyo ovyo, moja hadi mia. Dirishani, taa ndogo ya kijani ya kumi na saba ikameta. Akatuma tena kumi na saba. Ikameta tena.

Yavor alikuwa anapita na banitsa yake, andazi la jibini, kwenye karatasi. "Kwani hiyo inafanya nini?"

"Naiita, inaitika."

"Acha uongo."

"Jaribu mwenyewe. Bonyeza hapo."

Yavor akabonyeza kwa kidole chenye mafuta. Taa ikameta. Akainama, akasema kwa sauti ya kutetemeka kama ya kizee, "Bai Stoimen, upo?" Akabonyeza. Ikameta. "Upo kweli, bai?" Ikameta. Yavor alicheka hadi vipande vya banitsa vikamtoka mdomoni, na Zornitsa akacheka naye, na wengine wakaja kuona kinachochekesha. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuizunguka meza yake.

"Zorni, wewe ni shetani mdogo," alisema Yavor, akampiga begani. Hakuna aliyewahi kumwita Zorni pale.

Tangu siku hiyo bodi ya akiba ilikaa ukingoni mwa meza yake, na kila aliyepita kwenda kuchota kahawa alibonyeza. "Bai, chai imeiva?" Ikameta. "Bai, umelala?" Ikameta. "Bai, unampenda Koev?" Ikameta, na watu wakashika matumbo. Bai Stoimen alikaa akiwa amelipa mgongo lile dirisha. Alisikia vicheko tu, akawa anageuka na kutabasamu, akifurahi kwamba vijana wana furaha. Hilo liliwachekesha zaidi. Saa ya chakula Zornitsa alikuwa sasa anakaa katikati ya meza ndefu.

Mwanzo hakulifikiria jambo lile. Kisha siku moja akatazama ukutani, akaona mstari wa kijani umeinama. Si sana. Mahali penye vibonyezo vingi, uliinama. Jumamosi na Jumapili, ulinyooka tena. Akachukua kalamu akapiga hesabu. Kuitika mara moja kulikula umeme mwingi kuliko kulala saa nzima.

Alikaa na hesabu ile siku nne. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Wenzake walipokuwa wanavaa makoti, aliandika mistari minne kwenye ile bodi ya akiba ili ijibonyeze yenyewe, kila sekunde tatu. Akaifunika kwa madaftari ndani ya droo. Alijiambia ni jaribio, anataka tu kuona. Akapanda basi kwenda kwa wazazi wake Asenovgrad, akala, akalala, akaenda kanisani na mama yake. Hakuna saa iliyopita bila yeye kuifikiria droo ile. Wala hakuna saa aliyofikiria kurudi kuizima.

Jumatatu mstari wa kijani ulikuwa umevuka chini ya wa bluu.

Bai Stoimen alisimama mbele ya kioo kile bila kuvua koti. Kisha akaja mezani kwa Zornitsa, akavuta kiti.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "kuna kitu ndani ya mfumo wangu kinakula. Macho yangu yamechoka, na nimeusoma mara nyingi mno, sasa nauona ninavyoukumbuka badala ya ulivyo. Najua tunashindana. Lakini nikikuomba ukae nami tuutafute, nitakuwa nimekukosea?"

"Hapana, bai Stoimen," alisema Zornitsa.

"Mungu akubariki."

Walikaa pamoja wiki tatu. Kila siku saa nane mchana, mzee alileta viti viwili na chupa ya chai ya majani ya mlimani, wakausoma mfumo wake mstari kwa mstari. Sheria ilimkataza kukigusa kifaa cha dirishani, kwa hiyo alipima kingine kinachofanana nacho, kilichokuwa mezani kwake. Hicho kilikuwa na namba yake yenyewe, na hakuna aliyekiita. Kililala vizuri kabisa.

"Huyu mzima, yule mgonjwa," alisema mzee. "Mama mmoja, maziwa mamoja. Inakuwaje?"

"Labda betri," alisema Zornitsa.

"Pakiti moja. Nilizipima mwenyewe." Alikuna kidevu. Kisha akageuka ghafla. "Isipokuwa kuna mtu anakiita."

Droo ilikuwa karibu na goti la Zornitsa. Alijua kwamba neno moja lingetosha, na kwamba lingekuwa jepesi zaidi leo kuliko kesho. Alimwona Yavor upande wa pili akiinua kichwa, akingoja.

"Nani aite, bai Stoimen?" alisema. "Watu wana kazi zao."

Mzee aliona haya. "Kweli. Nisamehe. Mtu akianza kushindwa anatafuta wezi."

Yavor alikohoa ndani ya kiganja chake, akatoka nje, na kicheko chake kilisikika hadi ngazini.

Wiki ya tatu bai Stoimen alipata alichokitafuta. Au alifikiri amekipata. Alikuja asubuhi na karatasi mkononi, macho mekundu, uso wa mtu aliyetua mzigo ingawa mguuni kwake mwenyewe.

"Ni sikio," alisema. "Nililiweka jepesi mno. Miaka kumi na moja iliyopita, mstari huu hapa, niliandika nikiwa na haraka. Kelele yoyote ya redio, mlango wa gereji, kengele ya gari, linadhani limeitwa. Linaamka, linamjibu mtu asiyekuwepo. Huyu wa mezani amezibwa na kabati, ndiyo maana hasikii. Kosa ni langu, binti. Miaka kumi na moja watu walikuwa wananisifu, na kosa lilikuwa pale."

Aliandika barua kwa Koev siku hiyohiyo. Aliandika kwamba kasoro ni yake peke yake, kwamba Mhandisi Zornitsa Dragneva amemsaidia kuitafuta ingawa hakuwa na faida nayo, na kwamba amekwisha kuliondoa lile sikio. Aliomba shindano lianze upya, kwa betri mpya, na mfumo uliorekebishwa.

Koev aliisoma barua ile kwa sauti kwenye kikao cha Jumatatu, hadi mwisho, akiweka vituo mahali pote palipostahili.

"Kwa hiyo bai," alisema, "unaniambia kwamba miaka kumi na moja tunauza kiziwi asiyejua kama ni kiziwi?"

"Kinyume chake," alisema bai Stoimen. "Anasikia mno."

"Sawa, anasikia mno. Na unataka nini? Mtihani wa marudio?"

"Ndiyo, ukiridhia."

"Kwani mashimoni kuna marudio?" Koev aliikunja barua. "Tuache kijitu kife kwa amani."

Zornitsa alikuwa amekwisha kuizima ile bodi ya drooni. Aliizima siku mzee alipomwomba radhi. Lakini betri ni betri. Kilichoingia ndani ya taa ile ya kijani hakikurudi.

Namba kumi na saba ilikaa kimya Alhamisi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi. Mstari wa kijani uligusa chini, ukakatika. Mstari wa bluu uliendelea.

Kesho yake Zornitsa alipofika, aliona watu wamejazana mlangoni. Kwenye kioo cha mlango, mahali ambapo ofisi ile hubandika matangazo ya vifo kama milango yote ya mji ule, palikuwa na karatasi mpya yenye ukingo mweusi. Mwezi wa kwanza bai Stoimen alibandika palepale tangazo la nusu mwaka tangu mkewe Nedyalka afariki; watu walilipita kwa adabu mpaka gundi ikaachia. La sasa lilikuwa na picha ya kifaa. Chini yake paliandikwa:

*Kwa huzuni kubwa tunawatangazia jamaa na marafiki kwamba mpendwa wetu KUMI NA SABA ametutoka baada ya kuugua kwa siku sitini na nne. Aliitika kila alipoitwa. Ameacha baba mmoja, wa karne iliyopita.*

Ndani, Yavor alikuwa amepanga meza kama ya matanga. Alikuwa ameleta ngano ya kuchemsha, imechanganywa na sukari na kokwa za jozi za kusaga, kama ile inayogawiwa makaburini kuwaombea wafu. Aliigawa kwenye vikombe vya plastiki, kijiko kidogo kila kikombe.

"Chukua, Zorni. Kwa ajili ya marehemu."

"Yavor, toa ile karatasi."

"Tangazo la kifo halitolewi, mwanamke. Ni dhambi."

"Yavor, nakuomba..."

Mlango ulifunguka. Bai Stoimen alikuwa amesimama nje, akisoma. Alisoma kwa makini, kama alivyosoma kila kitu, kidole kikifuata mistari. Watu waliuma midomo wasicheke. Mzee akatoa kalamu mfukoni, akafuta namba moja kwenye tangazo, akaandika nyingine juu yake. Kisha akaingia.

"Ni sitini na tano," alisema. "Mmesahau kwamba mwezi wa tatu una siku thelathini na moja."

Hapo walilipuka. Walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Yavor, akijifuta machozi, alimpelekea kikombe kwa mikono miwili, amepinda mgongo kama kasisi.

"Tafadhali, baba wa marehemu."

Bai Stoimen alikipokea. Alivua kofia, kwa sababu mtu hupokea ngano ile akiwa kichwa wazi. Akasema, "Mungu amrehemu," kama inavyosemwa, akatia kijiko mdomoni, akatafuna taratibu. Vicheko vilipungua, vikaisha. Alikula akiwa anatazama dirishani, na hakuna aliyejua anamwombea nani.

Zornitsa alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajajua kwamba anasema.

"Ni mimi niliyekuwa nakiita."

Mzee aligeuka.

"Sikio halikuwa bovu. Nilikuwa nakiita mimi. Bodi ya akiba, kwenye droo. Mchana na usiku, kila sekunde tatu. Kabla ya hapo tulikuwa tunakiita sote kwa mzaha. Shindano ni batili. Kumi na saba ilikuwa inashinda."

Alidhani dari itaanguka. Alidhani watu watashtuka. Alimtazama Koev, aliyekuwa ameegemea mlango wa ofisi yake na kikombe chake cha ngano.

"Sisi sote tunajua, Zornitsa," alisema Koev kwa upole. "Mimi mwenyewe nimebonyeza. Ulidhani droo inayotoa mawimbi ya redio ni siri katika jengo lenye wahandisi wa redio kumi na wawili?"

"Basi kwa nini hukusimamisha?"

"Kwa nini nisimamishe? Umefanya kazi nzuri kuliko wote." Akaweka kikombe chini. "Vifaa elfu nne viko kwenye mashimo ya mji huu, vyote na sikio lile. Mtoto yeyote mwenye redio ya bei ya chakula cha mchana anaweza kuviita mpaka vife, na mji mzima usijue maji yake yanakwenda wapi. Wewe ndiye uliyeonyesha. Chako kiliitwa mara ngapi kikakaa kimya?"

Ilikuwa kweli. Mfumo wa Zornitsa haukumwitikia mtu ambaye haukumjua. Waliouandika walikuwa wamekwisha kuwafikiria watu kama yeye.

"Unaona?" alisema Koev. "Kwa hiyo shindano si batili. Limekwisha."

Bai Stoimen alikuwa bado ameshika kikombe. Alionekana anafikiri, na Zornitsa aliona kwa uchungu kwamba alikuwa anaifikiria kazi, si matusi. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anarudia hesabu.

"Kwa hiyo kasoro ilikuwepo," alisema hatimaye. "Ilikuwa kwenye sikio kama nilivyosema, ila sababu ndiyo niliikosea."

"Bai Stoimen," alisema Zornitsa.

"Wiki tatu tulikaa pale, wewe na mimi." Hakupandisha sauti. "Kila siku saa nane. Nilikuuliza kama kuna mtu anaita. Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Na siku nilipokuja na ile karatasi, nikasema kosa ni langu?"

"Nilikuwa najua."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akamaliza ngano iliyobaki, yote, kwa sababu ngano ya wafu haimwagwi. Akakitupa kikombe kwenye pipa, akaenda kukaa mezani kwake.

Alikuwa na siku kumi za kukabidhi kazi kabla ya kuondoka, na alizifanya zote. Vile vifaa elfu nne vilitakiwa vipelekewe kwa redio marekebisho ya kuviziba masikio, mpaka siku ya kubadilishiwa mfumo mzima. Marekebisho yenyewe yalikuwa tayari. Ni yale aliyoyaandika mzee katika ile wiki ya tatu. Kilichobaki kilikuwa kumwonyesha Zornitsa namna ya kuyatuma, mtaa kwa mtaa, bila kuvipoteza njiani. Alimwonyesha vizuri. Hakuruka hatua wala hakumficha hila hata moja. Zornitsa alipouliza swali, alijibiwa kwa ukamilifu, na alipoandika vibaya, mzee alingoja mpaka aone kosa mwenyewe. Lakini hakuja tena na viti viwili. Alikuja na kiti chake tu.

Siku ya kumi ilikuwa ya kutuma. Kwa utaratibu wa kampuni, karatasi ya kazi kama ile ilitakiwa sahihi mbili: ya anayeacha mfumo na ya anayeupokea. Yavor alipita akiwa amebeba kahawa, akafungua mdomo aseme kitu, akamwona mzee, akaufunga. Koev alikuwa kwenye simu.

Zornitsa alibonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta namba zikaanza kupanda. Kifaa kimoja baada ya kingine kilipokea, kikathibitisha kwa mara ya mwisho kwamba kipo, kisha kikaziba sikio. Mia. Mia tatu. Mitaa ya Kyuchuk Parij, kisha Karshiyaka ng'ambo ya mto. Alikuwa anazitazama, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye mkono wa sweta bila yeye kuyafuta.

Bai Stoimen aliangalia hadi elfu nne zikatimia. Akavuta karatasi, akatia sahihi yake kwa herufi ndogo zilizonyooka, na tarehe.

"Nisamehe," alisema Zornitsa. "Bai Stoimen, nakuomba. Niite binti mara moja tu, halafu uende."

Mzee aliigeuza karatasi ili imwelekee, akaisogeza mbele yake, akaweka kalamu juu.

"Mhandisi Dragneva," alisema, "sahihi yako inakaa hapa chini."

Mzee alisubiri mpaka Zornitsa alipoandika.